Waoneshe Max Linder, na Hélène mtaje

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza kama uendelee na mpango wako wa kuwaonesha vijana wako wa maigizo filamu za Max Linder, yule mchekeshaji Mfaransa wa sinema za kimya, au umwache kabisa, maana umesoma jinsi yeye na mkewe walivyokufa na tangu hapo kicheko kimekukauka. Ukauliza pia kama nilikuwa najua siku zile nilipokuwa nakuwekea filamu zake. Nilijua, mama. Ulikuwa mtoto, nikakupa cha umri wako.

Waoneshe. Lakini kwanza nisikilize.

Jina lake la kuzaliwa ni Gabriel Leuvielle. Alizaliwa mwaka 1883 huko Saint-Loubès, karibu na Bordeaux, kwa watu wa mashamba ya mizabibu. Mizabibu hakuitaka, alitaka jukwaa. Akasomea maigizo Bordeaux, akaenda Paris akapata vijisehemu kwenye tamthilia, na mwaka 1905 akaanza kucheza filamu fupifupi za kampuni ya Pathé. Enzi hizo mwigizaji wa jukwaani kuonekana kwenye sinema ilikuwa kujishushia hadhi, kwa hiyo kule akatumia jina jingine, Max Linder. Dunia ikaja kulijua hilo, la baba yake likabaki Saint-Loubès.

Mwaka 1907 alicheza filamu ya bwana mmoja anayejaribu kuteleza juu ya barafu kwa mara ya kwanza. Humo unamwona Max mwenyewe karibu amekamilika: kofia ndefu ya hariri, koti la heshima, bakora, masharubu madogo yaliyotunzwa. Vijana wako watapita hapo haraka, wewe wasimamishe. Wachekeshaji wengi wa sinema wa wakati ule walikuwa watu wa kukimbizana, kukunja uso na kuvunja vyombo. Max anaingia amevaa kama anakwenda kuposa. Akianguka, anachowahi ni kofia, tena anaifuta vumbi kabla hajajua kama mguu umevunjika. Tunacheka kwa sababu ya hadhi anayoipigania, anguko lenyewe ni kisingizio tu. Charlie Chaplin aliliona hilo vizuri kuliko wote. Alichofanya ni kuzichukua adabu zile zile za bwana mkubwa akamvika nazo mtu asiye na senti mfukoni. Na hakuficha: alimpa Max picha yake, akaandika juu yake kwamba huyu ndiye profesa na yeye ni mwanafunzi wake.

Uliniuliza zamani ipi naipenda zaidi. Ni ile ya kwinini, ya mwaka 1911. Daktari anamwandikia Max mvinyo uliotiwa kwinini, wa kumpa nguvu. Anakunywa bilauri zima, kubwa kama ndoo, akatoka mtaani amelewa chakari. Kila anakopita anagombana na mkubwa fulani, na kila mkubwa, kwa desturi za mabwana wa Paris, anamkabidhi kadi yake ili wakutane kupigana. Polisi wakimkamata wanasoma kadi, wanapiga saluti, wanamsindikiza kwa heshima zote hadi nyumbani kwa mwenye kadi. Anafukuzwa huko, askari wengine wanamwokota, wanasoma kadi nyingine, saluti tena. Hapo hakuna neno hata moja la kueleza. Mtu yeyote aliyewahi kuona askari akibadilika sura baada ya kusoma jina kwenye kitambulisho ataielewa.

Kuna nyingine ya mwaka mmoja kabla, kanunua beseni la kuogea na bomba liko nje kwenye korido ya jengo. Hiyo itazame mwenyewe.

Kabla ya vita alikuwa miongoni mwa watu wanaojulikana kuliko wote kwenye sinema duniani. Alizuru hadi Hispania na Urusi, watu wakajazana kumpokea. Kisha ikaja 1914. Alijitolea jeshini na akatoka afya yake imeharibika, na hapo hapo akaanza kuandamwa na sonona ambayo haikumwacha tena. Kampuni ya Essanay ya Chicago, iliyokuwa imempoteza Chaplin, ikamchukua mwishoni mwa 1916 kwa filamu 12. Zilitoka 3, mbili za kwanza hazikuuza, naye akarudi Ulaya mgonjwa. Alikwenda tena Marekani akatengeneza filamu ndefu 3 kwa fedha zake, na kati ya hizo ndimo kinamopatikana kituko cha kioo, katika Seven Years Bad Luck ya 1921. Watumishi wamevunja kioo kikubwa, mpishi anayefanana naye anasimama kwenye fremu tupu na kuigiza kila anachofanya bwana wake wakati ananyoa ndevu. Max anashuku, anamtega, mwisho anagundua. Akageuka kidogo tu, kioo kipya kikawekwa. Anarudi na kiatu mkononi amkomeshe mpishi, anakitupa kwa nguvu zote, na kioo cha kweli kinapasuka. Wachekeshaji wangapi wamekirudia kituko hicho baada yake, hesabu utaipoteza.

Sasa Hélène.

Alikuwa Hélène Peters, nyumbani wakimwita Ninette. Alipoolewa na Max mwaka 1923, mume alikuwa amemzidi kwa zaidi ya miaka 20. Wivu wa Max kwake ulijulikana. Mapema mwaka 1924, mjini Vienna, walikutwa wote wawili wamezidisha dawa za usingizi, ikatangazwa kuwa ni bahati mbaya. Piga hesabu mwenyewe: binti yao Maud alizaliwa Juni mwaka ule ule. Mwishoni mwa Oktoba 1925, katika hoteli mjini Paris, safari hii hawakuokolewa. Kama Hélène aliridhia au alilazimishwa, wanaoandika historia yake wanabishana mpaka leo. Mimi upande wangu naujua. Msichana mdogo, mume mkubwa mwenye jina, wivu, jaribio la kwanza wakati ana mimba, na mtoto wa miezi 16 aliyeachwa nyuma: nikiyaweka pamoja siwezi kuyaita mapenzi, ingawa kuna walioyapamba hivyo. Wala usiwaambie vijana ile hadithi ya mchekeshaji aliyebeba huzuni moyoni. Sonona alikuwa nayo, ndiyo, na vita vilimuumiza kweli. Lakini wengi waliorudi wameumia hawakuondoka na wake zao.

Kilichonifanya nisimfungie kabati ni Maud. Alilelewa na bibi yake mzaa mama, na alikuwa mtu mzima alipoziona filamu za baba yake kwa mara ya kwanza. Mtoto yule ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumkataa, kwa niaba ya mama yake. Badala yake alitumia maisha yake kuzisaka filamu hizo, nyingi zikiwa zimepotea au zimebaki vipandevipande. Mwaka 1963 aliziunganisha zile ndefu 3 za Marekani zikawa filamu moja, na mwaka 1983 akatoa yake kuhusu maisha ya baba. Alifariki 2017. Kazi akaiokoa, na kifo hakukipaka rangi.

Kwa hiyo, usianze na hotuba. Anza na ya kwinini, bila maelezo na bila muziki, uone wenyewe wanacheka wapi. Halafu kituko cha kioo, waigize wawili wawili, mmoja Max mmoja mpishi. Hapo watajua jasho lake. Baada ya mazoezi ndipo uwakalishe uwaeleze yote, wakiwa tayari wameshamcheka. Kitawakera, na maswali yatakuja. Yaache yaje, wala usiyafunge wewe. Kwenye karatasi utakayowagawia, andika Hélène Peters kwa jina lake kamili, usiandike mke wa Max, na Maud mpe mstari wake.

Mama yako anakusalimu sana. Anauliza kama mtoto amepona kikohozi, na mbona hupigi simu.

Ni mimi baba yako.