Jamvi limepasuka kabla ya jua kuzama: msiisingizie saruji

SWALI: Mhandisi, tumemwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, la sebule hapa Ipuli, Tabora, mita 5 kwa 8, unene sentimita 10. Tulianza saa 4 asubuhi. Ilipofika saa 10 jioni nikaona nyufa nyembamba zimelala mshazari, zimefuatana, kila moja kama futi moja au mbili. Fundi amesema saruji ni mbovu. Akazipaka uji wa saruji zikapotea, lakini kesho yake zimerudi. Tunamwagilia asubuhi na jioni. Je, nibomoe? (Mama mwenye nyumba)

JIBU: Usibomoe, mama. Jamvi hilo limelala juu ya ardhi, halijaning'inia hewani, na nyufa ulizozieleza si za kuangusha nyumba. Chora alama ya penseli kwenye ncha za nyufa mbili tatu, andika na tarehe. Zikibaki palepale kwa wiki kadhaa, na ukipitisha kidole usikute upande mmoja umezama kuliko mwingine, zizibe vizuri kabla ya kuweka vigae. Zikiendelea kurefuka au upande mmoja ukishuka, tatizo liko kwenye kifusi chini, nalo ni jambo jingine kabisa.

Sasa hilo la saruji mbovu. Kila mwaka kuanzia Septemba, kabla mvua hazijaanza, nasikia maneno hayohayo. Saruji iliyoharibika hutoa zege lisiloshika, linalomomonyoka ukilikwaruza kwa msumari. Haichori mistari sambamba ndani ya saa sita tu baada ya kumwaga. Mistari hiyo huchorwa na jua na upepo.

Zege likishasawazishwa, mawe na mchanga hutulia chini, na maji kidogo hupanda juu. Uso unang'aa. Maji hayo yakipeperushwa haraka kuliko yanavyopanda, uso unaanza kusinyaa wakati zege lenyewe bado ni laini na halina nguvu ya kujizuia, basi linachanika. Hatari huwa kubwa pale kila mita ya mraba inapopoteza kama lita moja kwa saa. Kwa sebule yako ya mita za mraba 40, hizo ni ndoo mbili kubwa kila saa, zinaondoka bila mtu kuziona. Tabora ya Oktoba, joto likipita nyuzi 30, hewa kavu na upepo ukivuma, si ajabu kufika huko.

Niliwahi kusimama kando ya jamvi la darasa, saa 7 mchana. Uso ulikuwa unang'aa kama sahani iliyooshwa. Upepo ukaja, mng'ao ukafifia kuanzia kona ya mashariki. Muda si mrefu ufa wa kwanza ukafunguka mbele ya macho yangu, mwembamba kama unywele. Nikamwambia fundi arudie palepale kwa ubao, akandamize kwa nguvu. Ukafunga, kwa sababu zege lilikuwa bado linabonyea. Huo ndio wakati pekee wa kuponya ufa wa namna hii kwa mkono. Uji wa saruji aliokupakia fundi wako baada ya zege kushika ni kificho tu: tabaka jembamba lenye maji mengi, nalo husinyaa na kupasuka lenyewe.

Linaloniudhi zaidi ni dawa wanayoitoa mafundi wengi kabla ya tatizo: "Ongeza maji, jua kali, zege lisikauke." Mama, maji ya ndani ya zege si kinga ya jua. Mfuko wa kilo 50 unahitaji maji karibu robo ya uzito wake ili saruji ifanye kazi yake. Mengine tunaongeza ili zege limwagike. Lita 25 kwa mfuko ni kiasi kizuri, na mchanga ukiwa umelowa unapunguza. Vibarua wakimimina ndoo mbili kamili, hizo ni lita 40. Yale ya ziada lazima yatoke, na yakitoka zege linasinyaa zaidi, linabaki na vitundu na nguvu inashuka. Ndugu wa kosa hilo ni ule mtindo wa kunyunyiza saruji kavu juu ya maji yaliyotuama ili uso "ushike haraka" upigwe niru, yaani ulainishwe kwa mwiko. Miezi michache baadaye sakafu ina nyufa za utando wa buibui na inatoa vumbi kila ukifagia.

Maji yawekwe nje ya zege. Lowesha kifusi jioni ya jana yake, bila kuacha madimbwi. Mwaga alfajiri, au anza saa 10 jioni mkiwa na taa. Kokoto zikae kivulini. Zungusha turubai upande upepo unakotoka. Ukishasawazisha, funika kwa nailoni, ufunue tu pale fundi anapopita na mwiko. Likishika, jengea tuta dogo la mchanga pembeni, tuamisha maji siku 7 mfululizo. Kumwagilia mara mbili kwa siku hakutoshi, kwa sababu saa 8 mchana uso umeshakauka tena. Na sebule ya mita 8 isimwagwe kipande kimoja. Igawe kila mita 2.5 hadi 3.

Kabla mfuko wa kwanza wa vyumba vilivyobaki haujafunguliwa, muulize fundi ataweka lita ngapi. Akijibu kwamba anapima kwa macho, mletee ndoo yenye alama, na usimame hapo mpaka mchanganyiko wa kwanza uishe.