Kazi Inapopungukiwa na Mtu: Kwa Wanaoanza Kuongoza Timu Ndogo za Gemu

Timu ya watu watano haina mtu wa akiba. Mchoraji wetu alipofiwa na baba yake, wahusika wote wa gemu tuliyokuwa tukiitengeneza walibaki wamesimama kama sanamu, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa akichora mwendo wao, fremu baada ya fremu, na hapakuwa na mwingine miongoni mwetu aliyeijua vizuri hata programu aliyoitumia. Nimeiongoza timu hii ya Dar es Salaam kwa miaka sita. Katika muda huo tumepitia misiba miwili, ugonjwa wa mtayarishaji programu wetu, na maradhi ya muda mrefu ya mama yangu mzazi. Ninawaandikia ninyi mnaoanza kuongoza timu kama yetu kwa sababu mengi niliyoyajua niliyajua baada ya kumwumiza mtu niliyedhani ninamsaidia.

Msiba ule ulitokea mwishoni mwa Novemba, tukiwa tumekwisha kujiandikisha kwa Steam Next Fest ya Februari, tamasha la duka la mtandaoni la Steam ambako watu hujaribu bure sehemu za gemu zisizotoka bado, ambalo hufanyika mara tatu kwa mwaka na ambalo gemu moja huruhusiwa kushiriki mara moja tu. Nilifanya yale ambayo kila mtu hufanya: nilimpigia simu, tukachanga rambirambi, nikamwambia aende Bukoba akamzike mzee na asifikirie kazi kabisa. Siku ya tisa, saa nane za usiku, nilianza kupokea mafaili ya michoro. Alikuwa akichora katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wake baada ya waombolezaji kulala, kisha akitoka nje kutafuta mtandao wa simu wa kuyatuma. Sikuwa nimemwagiza. Iliyomwagiza ilikuwa orodha ya kazi, kwa kuwa jina lake lilikuwa bado limeandikwa mbele ya michoro 31, na tarehe za kukabidhi zilikuwa zilezile za kabla ya msiba.

Hilo ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote. Neno “pole”, lisipofuatana na kazi iliyoondolewa, humwachia mfiwa mzigo uleule pamoja na wajibu mpya wa kushukuru. Siku hizi mtu akipatwa na jambo ninaifungua orodha siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, nikaamua kwa kila kilicho mbele ya jina lake kama kitafutwa, kitasogezwa mbele au kitachukuliwa na mwingine, kisha ninamwandikia ujumbe mmoja mfupi wa kumweleza kwamba hakuna tena chochote chenye jina lake. Kufuta ndiko kunakosaidia zaidi, na ndiko viongozi wapya wanakokuogopa, kwa kuwa kila kitu katika gemu kinaonekana cha lazima kwa yule aliyekibuni. Tulipokaa wanne kuipitia orodha ile, tulijiuliza swali moja tu: je, mtu atakayecheza sehemu ya majaribio kwa nusu saa atatambua kwamba hiki hakipo? Wahusika 14 wakawa sita. Hakuna mchezaji hata mmoja aliyewahi kutuuliza wale wanane walikwenda wapi.

Hata hivyo wahusika sita nao walihitaji mchoraji, kwa hiyo tuliiondoa gemu kwenye tamasha la Februari tukaingia la Juni. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, na sitawaficha: miezi minne tuliishi kwa kazi ya mteja, programu ya simu ya mazoezi ya hesabu kwa ajili ya wanafunzi wa shule za msingi, kazi ambayo hakuna aliyeipenda lakini ililipa pango na umeme. Kama mna nafasi ya kuweka akiba ya miezi mitatu kabla ya kuanza gemu ya kwanza, iwekeni.

Kuhusu muda, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania likizo yenye malipo isiyopungua siku nne anapofiwa na mzazi. Hicho ni kima cha chini, na yeyote aliyewahi kupanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba, safari inayozidi kilomita elfu moja, anajua ni ngapi kati ya siku hizo huishia njiani. Kuna mazishi, kuna matanga, kuna vikao vya ukoo kuhusu mirathi na kuhusu nani atakaa na mama, na mara nyingi mtoto mwenye kazi mjini ndiye anayetazamwa kwa kila gharama. Mimi ninahesabu wiki tatu za kutokuwepo kabisa, kisha miezi miwili ya nusu ya kasi. Sheria hiyohiyo inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na zilizobaki kwa nusu, lakini wengi katika timu zetu hulipwa kwa mgawo wa mauzo na hawana mkataba wa ajira. Andikeni basi makubaliano yenu wenyewe mkiwa bado wazima na mnapendana, mkisema wazi kwamba mgawo wa mtu haupungui kwa sababu alilazwa.

Mtayarishaji programu wetu alilazwa kwa malaria kali katika wiki tuliyopaswa kupandisha toleo jipya la gemu yetu ya simu. Ufunguo wa kutia saini toleo hilo, yaani faili la siri linalolithibitishia duka la Google Play kwamba toleo ni letu, ulikuwa ndani ya kompyuta yake, na kompyuta ilikuwa imefungwa kwa nywila aliyoijua peke yake. Google Play humruhusu mwenye akaunti kuomba kubadilishiwa ufunguo huo wa kupandishia ukipotea, lakini akaunti yenyewe ilikuwa imefunguliwa kwa barua pepe yake. Nilikwenda wodini saa za kuona wagonjwa nikamwinamia mtu mwenye homa kali kumwuliza nywila, mama yake akiwa amekaa pembeni ya kitanda akinitazama. Sijaisahau sura ya mama yule. Tangu siku hiyo akaunti zote ni za timu, nywila zinafunguliwa na watu wawili, na kila Ijumaa kila mtu hupeleka kazi yake kwenye hazina ya pamoja, yakiwemo mafaili ghafi ya michoro. Hayo ghafi ndiyo yanayosahaulika, kwa sababu GitHub, mtandao tunakoiweka hazina hiyo, hukataa faili linalozidi megabaiti 100 usipotumia Git LFS, nyongeza ya kuhifadhia mafaili makubwa, na mchoraji aliyekataliwa mara moja huliacha faili lake kwenye kompyuta yake bila kumwambia mtu.

Kiongozi naye ni mtu. Mama yangu alipougua nilinyamaza miezi mitatu, nikiamini kwamba timu ikijua itavunjika moyo. Walichokiona wao ni mkubwa wao anayechelewa vikao, anayekataa michoro bila sababu na kuipokea kesho yake, na kila mmoja akadhani kosa ni lake. Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, hakuficha hivyo: mwezi Juni 2014 aliwaeleza wenye hisa kwamba amefanyiwa upasuaji wa uvimbe katika njia ya nyongo, na aliendelea na kazi mpaka alipofariki Julai 2015. Miaka mingi kabla, alipopewa kuiongoza HAL Laboratory, kampuni ya kutengeneza gemu, ikiwa imelemewa na madeni, alikuwa akikaa na kila mfanyakazi peke yake na kumsikiliza. Nimeuchukua utaratibu huo. Kila mwezi ninakunywa chai na kila mmoja wetu, mbali na ofisi, na swali langu la kwanza ni kuhusu nyumbani. Jambo nisiloruhusiwa kulitoa nje ya chai hiyo sitalitoa, hata kwa wenzake, mpaka yeye mwenyewe aseme nitumie maneno gani.

Wale wanaobaki kazini nao wanachoka. Aliyebeba kazi ya mwenzake kwa mwezi mmoja arudishiwe wiki nzima ya mapumziko, na tarehe yake iandikwe mapema, maana ahadi ya “utapumzika baadaye” husahaulika.

Mchoraji wetu alirudi katikati ya Desemba. Nilikuwa nimemwandalia kazi moja tu, mwendo wa mbwa anayemfuata mhusika mkuu. Akaitazama orodha, akashuka mpaka chini, akarudi juu. “Kaka, hii tu?” Nikamwambia ni hiyo tu mpaka Ijumaa. Aliimaliza Jumatano. Alhamisi alilala kutwa, na sikumpigia simu.