Jibu: Vidokezo vyenye nyota visivyosema vinataka nini, vinafumbuliwaje?

Ndugu wa Malindi, salaam. Swali lako nimelisoma. Una ile karatasi ya chemshabongo iliyotoka huku Amu (Lamu), umekwama kwenye vidokezo vyenye nyota, na unauliza pia kwa nini waandaaji wanataka maelezo pamoja na jibu. Umesema 9 Mlalo, "Madeni yamechafuka (6)", umejaza MIKOPO (nambari ya mabanoni ni idadi ya herufi za jibu). Na 14 Wima, "Ndani ya nanga majini (5)", umejaza NANGA. Futa yote mawili, kisha tuanze na lile swali lako la pili, maana ndilo linalofungua la kwanza.

Mimi si mtunzi. Ila hukaa barazani na watunzi wenyewe, na karatasi hunipitia mkononi nizijaribu kabla hazijatolewa nakala. Kwa hiyo ugomvi wao wote naujua.

Kidokezo cha kawaida cha mafumbo kina pande mbili. Upande mmoja, mwanzoni au mwishoni, husema maana ya jibu waziwazi. Upande wa pili hukuelekeza namna ya kuliunda jibu hilohilo kwa herufi. Mwenye kazi ya kufumbua ni kutafuta pale pande mbili zinapokutana, kwa kuwa mtunzi amepaziba pasionekane. Na sharti kubwa ni kwamba kila neno liwe na kazi. Likibaki neno moja halina kazi, ama jibu lako si lenyewe, ama mtunzi kakosea. Ndiyo maana wanadai maelezo. MIKOPO ni madeni, sawa, lakini "yamechafuka" inafanya nini hapo? Huna la kuniambia. Basi si jibu, hata kama herufi zimetosha visanduku.

Chukua 5 Wima, ambayo haina nyota: "Nusu ya mama kabla ya Lindi: penye nguzo ya Vasco da Gama (7)". Nusu ya mama ni MA. Weka kabla ya LINDI, mji wa kusini mwa Tanzania. Nguzo ya Mreno iko wapi? Umeiona tangu utotoni, ndugu yangu. MALINDI. Hakuna neno lililobaki bure, na sasa unayo D ya sita, ambayo ndiyo herufi ya kwanza ya 9 Mlalo. MIKOPO imekufa hapo hapo.

Sasa nyota. Chemshabongo yenye mada huwa na majibu kadhaa ya ukoo mmoja, na hapa mtunzi ameamua kuuficha ukoo huo kwa kuondoa upande wa maana. Vidokezo vyenye nyota vimebaki na maelekezo ya herufi tu. Kwa hiyo usivitafutie maana hata kidogo! Wewe umesoma "madeni" ukatafuta kitu kinachofanana na madeni. Hapo "madeni" ni herufi sita, basi. "Yamechafuka" ndilo neno la amri: zichafue. Herufi A, D, E, I, M, N, ukianzia na ile D uliyoipata Malindi, zitoe neno gani? DEMANI.

Ukisema demani ni msimu, kweli ni msimu. Lakini pia ni kamba ya tanga, ile inayoshikilia pembe ya chini upande wa nyuma, anayoilegeza na kuikaza mshika usukani kufuata upepo. Ipi kati ya hizo? Kidokezo hakisemi, na hakitakiwi kusema. Iweke kiporo.

Ushauri wangu kwa karatasi za namna hii ni kwamba usianze na nyota. Anza na visivyo na nyota, vile vyenye pande zote mbili, upate herufi za kushikia. Viko vitamu sana. "Mnyama juu ya nyumba (3)": kila Mwamu anaona paka, maana mji huu una paka kuliko milango, ila PAKA ni herufi nne. Hapa hakuna kuunda herufi kabisa, ni maana mbili zimesimama bega kwa bega: mnyama ni PAA, na juu ya nyumba ni PAA.

"Mke wa Adamu akifanywa mdogo hunywewa barazani (6)." Mke wa Adamu ni HAWA. Mtu au kitu ukitaka kukidunisha kwa Kiswahili unakipachika KA. KAHAWA! Mzee mmoja pale Mkunguni alikereka na kidokezo hiki, akasema si adabu. Akaambiwa anywe chake kabla hakijapoa.

Na hiki ndicho nikipendacho kuliko vyote: "Mcheza kamari huliweka, mvuvi hulipanda (3)". Jibu ni DAU, dau la pesa na dau la baharini. Tazama ile LI. Upatanisho wa ngeli umekutobolea siri: jibu ni kitu cha ngeli ya LI-YA, kwa hiyo "mashua" haiwezi, "pesa" haziwezi. Kwa lugha yetu hii, viambishi ni mashahidi wasionyamaza. Mtunzi stadi huvitumia kukusaidia, na mtunzi mvivu husahau kwamba vimemsaliti. Visome kabla ya kitu kingine chochote.

Jambo jingine la lugha yetu: karibu kila neno huishia na irabu. Kisanduku cha mwisho ukikiona kitupu, jua kuna A, E, I, O au U. Ndiyo maana kuvuruga herufi huku kwetu ni rahisi kutunga na ni rahisi kufumbua. Kwa ajili hiyo watunzi wa hapa wamegeukia silabi. Tazama 11 Mlalo yenye nyota: "Ngata ya kinyume (5)". Ukiigeuza ngata herufi kwa herufi utapata ATAGN, upuuzi mtupu. Lakini kinyume tulichokisema utotoni ili wakubwa wasituelewe hakikugeuza herufi, kilichukua silabi ya mwisho kikaileta mbele. Si mchezo wa jana: mmisionari Mwingereza Edward Steere aliutaja kwenye kitabu chake cha mwaka 1870 cha Kiswahili cha Zanzibar. NGA-TA ikawa TA-NGA. Jibu ni TANGA.

Demani na tanga. Harufu ya bahari imeanza. Hapa ndipo wengi wanapoponzwa, na wewe ndipo ulipoponzwa na ile NANGA. Mtu akishaona mada, huanza kumwaga maneno ya mada kwenye visanduku kama mtu apigaye ramli. Nanga ni ya baharini, ina herufi tano, inaingia. Lakini jibu haliandikwi peupe ndani ya kidokezo chake. Na neno "majini" umelipa kazi gani? Rudi usome kama amri: ndani ya "nanga majini". Andika bila nafasi, NANGAMAJINI, kisha pita na kidole. NA-NGAMA-JINI. NGAMA! Ni ile sehemu ya chini kabisa tumboni mwa chombo, maji yanapojikusanya mpaka mtu ayachote. Wahenga wamesema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo ishike vizuri, ina faida zaidi ya moja kwenye karatasi hii.

8 Mlalo ndicho kirefu: "Madungu ndani ya mti (8)". Neno "ndani" hapa linafanya kazi tofauti na la hapo juu. Kule ulichimbua kilichokwisha kuwamo, huku unatia kitu ndani ya kitu. Madungu ni yale majukwaa ya shambani ya kuamia ndege, na kwa jina jingine ni lingo, wingi wa ulingo. Fungua MTI baada ya M, tia LINGO: M-LINGO-TI. Ile I ya nne ya Malindi inakutana nayo. Mlingoti wenyewe ni mti kweli, kwa hiyo kidokezo hiki kimekaa vizuri hata bila upande wa maana. Mtunzi wake ni mtu wa Matondoni, kwa mafundi wa vyombo, na hii kaitoa nyumbani.

Sasa kile cha katikati, kisicho na nyota: "Heshima na nusu ya zizi, vyenye nyota vyote ni vyake (6)". Heshima ni JAHA, nusu ya zizi ni ZI. JAHAZI. Mada imefunguka, na demani uliyoiweka kiporo imejua ni ipi: ni kamba, si msimu. Tena utaona kwa nini DAU haina nyota. Dau ni chombo, si sehemu ya jahazi. Ukidhani mada ni "vyombo" utapotea.

Kilichobaki kigumu ni "Ukienda au ukirudi (3)". Kwa kweli naona hiki si cha haki kabla ya kuijua mada. Kinakwambia tu kwamba neno linasomeka sawasawa kutoka pande zote mbili, na maneno ya herufi tatu ya namna hiyo hayakosi kuwa mengi. Tulibishana. Mimi nilitaka kiandikwe "Mbele ya chombo, ukienda au ukirudi", nyota iondolewe, kingekuwa kidokezo bora kuliko vyote. Sikusikilizwa. Ukiwa na JAHAZI mkononi, ni OMO.

Mabishano haya ni ya zamani kuliko baraza letu. Chemshabongo ya visanduku ilianza New York tarehe 21 Desemba 1913, ilipotoka gazetini ile ya Arthur Wynne, na vidokezo vyake vilikuwa vya maana wazi. Mafumbo yalikolezwa Uingereza. Tangu 1926 mtunzi wa gazeti la huko, The Observer, alijiita Torquemada, jina la mtesaji wa Kihispania, na wasomaji wake waliteswa kweli. Aliyedai haki alikuwa mchungaji mmoja, Alistair Ferguson Ritchie, aliyejiita Afrit (ndiyo, ifriti yuleyule wa hadithi za bibi), akasema mwaka 1949 kwamba mtunzi si lazima akusudie anachosema, lakini lazima aseme anachokusudia. Na mada inaweza kubeba uzito kuliko ninyi mnavyodhani. Januari 2013 mtunzi wa gazeti jingine la huko, The Guardian, aliyejiita Araucaria, alitumia chemshabongo yake kuwajulisha wasomaji kwamba anaugua saratani. Walioijaza ndio waliojua.

Kuhusu kuandika maelezo: usiandike insha. Kwa 9 Mlalo andika hivi: "Herufi za MADENI, zimechafuliwa = DEMANI, kamba ya tanga la jahazi." Yatosha. Kwa visivyo na nyota, pigia mstari upande wa maana, kisha eleza upande wa pili neno kwa neno. Neno likikushinda kulieleza, liandike hivyohivyo, usilifunike. Wasahihishaji wanaliona.

Kimebaki kimoja chenye nyota ambacho hukukitaja, 17 Mlalo: "Uvimbe wa shingo (4)". Hiki ni cha namna ya PAA, maana mbili, ila ile ya jahazi ndiyo iliyoondolewa. Hicho sikufanyii. Ukishindwa nipe mji, ila usinipe Malindi, umeshautumia.