Karatasi ya damu niliyoikunja miezi minane

Juzi saa tano usiku dada mmoja kanitumia picha ya majibu ya maabara: "Mama nanii, wameandika chembe nyekundu za mwanangu ni ndogo na zimepauka. Ni kansa?" Nikacheka, halafu nikaona haya. Yeye angalau kauliza. Mimi ya kwangu niliikunja nikaitia kwenye mkoba.

Mwanangu alikuwa na miezi kumi, vidole vimevimba kama vitumbua, analia usiku kucha. Karatasi iliandikwa wazi kwamba chembe zenye umbo la mundu zimeonekana. Daktari akaitupia jicho, akaniandikia dawa ya kuongeza damu. Basi nikaongeza! Juisi ya rozela, matembele, maini ya kusaga. Miezi minane natia maji kwenye pakacha, kwa sababu chembe za kawaida huishi siku kama 120, za mgonjwa wa selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe kama mundu, siku 10 hadi 20. Mwanangu hakupungukiwa madini ya chuma. Chembe zake zilikuwa zinavunjika. Nilielewa siku bandama ilipovimba, tumbo gumu, HB, yaani kiwango cha himoglobini kwenye damu, imeshuka hadi 4, tunatafutiwa chupa ya damu. Yule daktari sijamsamehe, na sitajifanya nimemsamehe.

Leo nasoma karatasi hizo mpaka wapimaji wananitania. Tone la damu hutandazwa kwenye kioo, likapakwa rangi, mtu akatazama kwa hadubini na kuandika alichokiona: ukubwa, umbo, rangi. Anaandika sura, jina la ugonjwa linatafutwa baadaye. Chembe nyekundu yenye afya ni duara lenye weupe katikati, kama theluthi yake. Zikiwa ndogo na zimepauka, mara nyingi chuma kimepungua, lakini talasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, nayo huzifanya hivyo hivyo, kwa hiyo uliza kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma mwilini, kabla ya kubugia vidonge. Kubwa kupita kiasi, huenda ni upungufu wa foleti au vitamini B12. Zikiandikwa vipande vipande, usiondoke hapo kabla daktari hajaiona.

Na kioo kisafi kisikudanganye. Mimi na baba yake wote ni AS, yaani tumebeba kirithi kimoja cha selimundu bila kuugua; mwenye viwili ni SS, ndiye mgonjwa. Na AS kwa hadubini huonekana mzima kabisa. Hata kile kipimo cha haraka cha kizamani, cha kuangalia tu kama selimundu ipo, hakitofautishi AS na SS; kinachotofautisha ni kipimo kama elektroforesisi, kinachotenganisha aina za himoglobini. Kila mimba yetu ina nafasi moja katika nne ya kuleta SS. Tulijua haya tukiwa na mtoto wodini.

Wazazi wenzangu, ulizeni! Mnauliza bei ya nyanya mara tatu, damu ya mtoto mnapokea dirishani mnakunja. Ulizeni neno kwa neno, na ulizeni kipimo kinachofuata ni kipi.

Yule dada nilimwambia kwa picha tu siwezi kumjibu, arudi akaulizie feritini. Asubuhi kaandika anaogopa daktari atamfokea.

Nikamwambia amwache afoke, akimaliza amuulize tena.