Kwenye mbio za mashua za tanga, refa ni wewe

Wadogo zangu mnaoanza kushindana, kitu cha kwanza kitakachowashangaza ni kwamba filimbi hailii. Waamuzi wapo, ila mashua hamsini zikilifikia boya moja kwa mkupuo, nani ataona nani kamgusa nani? Ndiyo maana kanuni za World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinaanza na msingi huu: ukivunja kanuni unachukua adhabu mwenyewe, hungoji kuambiwa.

Umegusa boya? Zungusha mashua yako mzunguko mmoja. Upepo unakupiga kushoto, ukamkata mwenzako anayepigwa kulia? Yeye ndiye mwenye njia. Jitenge na wenzako, zunguka mara mbili mfululizo, upande uleule. Ukimvunjia chombo vibaya, mizunguko haitoshi, unajitoa.

Mizunguko hiyo ifanyieni mazoezi mpaka mikono izoee kana, yaani mpini wa usukani, na kamba. Anayeiweza hupoteza muda mchache tu na kurudi mbioni. Asiyeiweza huanza kubishana na nafsi yake, "ameona, hajaona?", na uongo huanzia hapo. Wengi tunaowaita wadanganyifu, kwa maoni yangu, ni wavivu wa mazoezi tu.

Upepo ukilala, msipampu tanga, yaani kulivuta na kulilegeza mfululizo, wala kuyumbisha mashua ili isogee. Kanuni ya 42 inakataza. Mwamuzi akikuinulia bendera ya njano mara ya kwanza, fanya mizunguko yako miwili bila kumtolea macho.

Sasa suala la kupinga, yaani kumlalamikia aliyevunja kanuni, ambalo wageni huliogopa bure. Wanaona haya kupaza sauti "Protesti!" wakidhani wanamchongea mwenzao, halafu jioni wanamsengenya ufukweni. Heri ungesema palepale, akapata nafasi ya kuzunguka, yakaisha. Akikataa, mnakwenda kusikilizwa na majaji. Mara nyingi mezani huwa na vimashua vidogo vya kupangia tukio: huyu alikuwa hapa, upepo ulitoka kule. Panga ulivyoona, hata pale panapokuumiza wewe. Na mzazi asikusemee, tafadhali.

Mwenzako akiwa hatarini, mbio zinasubiri. Kanuni ya 1 inakulazimisha umsaidie kadiri uwezavyo. Katika Olimpiki ya Seoul ya 1988, Mkanada Lawrence Lemieux alikuwa wa pili katika mbio mojawapo alipowaona mabaharia wa Singapore waliopinduka, bahari imechafuka. Aliacha njia akaenda kuwaokoa, akamaliza nyuma sana. Majaji wakamrudishia nafasi yake ya pili.

Mlango huohuo uko wazi hata kwa mtoto wa Optimist, ile mashua ndogo ya watoto. Ukipoteza nafasi kwa kumsaidia mtu, unaomba fidia kwa maandishi, kwa hiyo usikae kupiga hesabu wakati mtu yuko majini. Ukifika nchi kavu, chukua fomu kwenye ofisi ya mashindano kabla muda wa kuwasilisha haujapita, na mwombe uliyemsaidia aje kuwa shahidi.