Jibu kwa anayeunganisha shule nne Embakasi: achana na huo mtihani wa pamoja

Mwalimu, weka kalamu chini. Nimesoma swali lako mpaka pale unaposema shule zenu nne zitaanza ushirikiano kwa mtihani wa pamoja wa Gredi ya 6, matokeo yapangwe kwa shule na kwa mwalimu "ili tuchocheane," chai ikanipalia. Hayo mengine, fulana, kusajili kikundi, mfadhili, yanaweza kusubiri.

Sisi tulikuwa shule tano, nyingi upande wa Jogoo Road hapa Nairobi: mbili za serikali, moja ya kanisa, moja ya mtu binafsi, na moja ya mabati ndani ya mtaa wa mabanda wa Mukuru. Tulitaka kitu kile kile unachotaka wewe, walimu wafundishe kwa kusaidiana na wajione watu wa nyumba moja. Akaja bwana mmoja, mshauri wa elimu, kitambulisho kinaning'inia shingoni na projekta yake mwenyewe. Akatuambia walimu hawabadiliki mpaka waone namba. Sijawahi kumwona huyo bwana ameshika chaki. Alichukua posho, akala kuku wetu, akatuachia mtihani wa pamoja na jedwali la kupanga matokeo kwa rangi: kijani, njano na nyekundu. Mpaka leo nikisimama kwenye taa za barabarani damu inachemka.

Wizara yenyewe ilipiga marufuku kupanga shule kwa matokeo mwaka 2014. Sisi tukaifufua orodha kwa hiari yetu, tena kwa pesa za wazazi za kuchapisha karatasi. Na ndiyo, aliyeibandika ukutani ni mimi. Gundi ilikuwa nzuri. Tulipoibandua ilitoka na rangi ya ukuta. Angalau kuna kitu kilishikana.

Shule ya Mukuru ikawa ya mwisho, nyekundu toka juu hadi chini. Ingekuwaje vingine? Kodi ikiwashinda wazazi wanahama, mtoto anatoka muhula katikati, mwingine anaingia. Siku moja nikampelekea mwalimu wao wa hisabati karatasi zake, nikamkuta anafundisha sehemu. Watoto wameandika 1/2 + 1/3 = 2/5, kosa ambalo kila mmoja wetu amelisahihisha mpaka kalamu nyekundu ikaisha wino. Mimi ningepiga X na kuandika njia ubaoni. Yeye hakufuta kitu. Aliwapa vipande vya karatasi, wakakunja nusu, wakakunja 2/5, akawauliza ipi ndefu. Kimya. Halafu kijana mmoja nyuma: "Ticha, tumeongeza halafu ikapungua?" Darasa zima likacheka, na wakaanza wenyewe kutafuta kipande kinachoingia sawasawa kwenye nusu na kwenye thuluthi. Walifika kwenye 1/6 bila kuambiwa.

Nimefundisha sehemu miaka na miaka, sijawahi kuuliza swali hilo. Nikamwomba aje atuonyeshe sote Jumamosi. Alinijibu kwa upole kabisa: "Mwalimu, wa mwisho amfundishe nini wa kwanza?" Hakuja. Hakuja tena kwa lolote. Hapo ndipo hasara yetu ilipo, wala si pesa za uchapishaji. Mtu tuliyemhitaji kuliko wote alikuwa chini kabisa ya orodha yetu, na orodha ndiyo iliyomfukuza.

Yaliyofuata unaweza kuyakisia. Duru ya pili karatasi ilikuwa WhatsApp usiku wa kuamkia mtihani. Walioongoza wakaacha kuazimana notisi. Mwenye shule ya binafsi akamwita mwalimu wake ofisini na lile jedwali mkononi.

Kwa hiyo shika hili moja tu: ALAMA YOYOTE ISIVUKE GETI LA SHULE mpaka kila mwalimu awe amekaa nyuma ya darasa la mwenzake, na mwenzake amekaa nyuma ya lake. Wajapani wana utaratibu huu miaka mingi, na waliopitia SMASE, ule mpango wa hisabati na sayansi ulioanza Kenya 1998 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, huenda wanaujua: mnapanga somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanatazama watoto. Narudia, watoto. Daftari la huyu limekwama wapi, yule alielewa lini. Mkikaa baadaye mnalikosoa somo, kwa kuwa ni lenu wote. Mwenye chaki hasulubiwi.

Na iwe nje ya TPAD, ile tathmini rasmi ya utendaji wa walimu. Mwalimu akiona fomu tu, atakuonyesha somo ambalo watoto wamelifanyia mazoezi tangu jana. Nimewahi kuona darasa ambamo hata anayekosea alikuwa amepangwa.

Utasema ratiba haina nafasi. Usichukue shule nne kwa mpigo. Tafuta walimu wawili wa Gredi ya 5, shule zinazofikika kwa miguu, somo moja, naibu ashike darasa linalobaki. Mwalimu mkuu apewe taarifa lakini asialikwe. Akiingia yeye, watoto wanasimama na somo limekwisha. Na kama mmeshalipia uchapishaji wa ule mtihani, wagawieni watoto wafanyie mazoezi, ila kateni kwanza ile sehemu ya juu yenye jina la shule.