Nembo kwa herufi za Kiarabu, maneno ya Kiswahili: uanzie wapi

Dada uliyeuliza jinsi ya kutengeneza nembo ya duka la udi na manukato la nyumbani kwenu Mombasa, yenye maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: kazi yangu ni kusanifu mabango, kadi za harusi na vifungashio, na za namna hiyo nimezifanya nyingi.

Fonti za Kilatini zilizopindwapindwa zifanane na Kiarabu, achana nazo kabisa. Mtu wa Lamu akiziona tu anajua zimetengenezewa mgeni. Sisi tuna mwandiko wetu. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728 kwa herufi hizi. Mwana Kupona alimuusia bintiye kwazo mwaka 1858, na hata miaka ya 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akizitumia kwenye magazeti yake hapo hapo Mombasa. Kanga za mwanzo nazo zilibeba majina kwa herufi hizo hizo. Basi kabla hujafungua kompyuta, nenda kwenye hati za kale zilizoandikwa kwa mkono. Chuo Kikuu cha SOAS cha London wameweka nyingi mtandaoni, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina kubwa. Tafuta na picha za misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, uone wino mweusi, mwekundu na manjano, na nakshi za pambizoni. Rangi za nembo yako zitoke huko, si Dubai.

Sasa tahajia, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Waandishi wa kale waliandika "b" na "p" kwa herufi moja ya be (ب), na kasra, ile alama ya chini ya herufi, ikabeba "i" na "e" pamoja. Kwenye utenzi msomaji husaidiwa na vina na mizani; kwenye bango la duka hana msaada wowote. Kwa hiyo tumia پ kwa "p", چ kwa "ch" na ڤ kwa "v". Kwa "e" na "o" fuata utaratibu wa Sheikh Yahya Ali Omar, mtaalamu wa Kiswahili wa Mombasa: kasra ya kusimama wima kwa "e", na dhumma (alama ya "u" juu ya herufi) iliyopinduliwa kwa "o". Na usidhani ni mambo ya juzi. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki 1890, alishalishughulikia suala hili la herufi pamoja na mmisionari William Taylor.

Fonti za Amiri na Scheherazade New ni za bure, ila zijaribu kwanza kwa neno lako lenye irabu zote, kwa sababu alama mbili zikikutana juu ya herufi moja huweza kugongana. Kisha geuza maandishi yawe michoro kabla ya kumpelekea mchapaji. Kuna mchapaji mmoja alinifungulia faili kwenye programu isiyojua kuandika kutoka kulia. Herufi zikakatika moja moja na kupangwa kinyumenyume, na bango likachapwa hivyo hivyo.

Aya ya Qur'ani usiiweke kwenye mfuko wala kiboksi, hata mteja akisisitiza. Milango ya Lamu na Unguja ina aya kwa sababu mlango unakaa na kuheshimiwa. Mfuko utaokotwa jalalani. Mimi kazi ya hivyo siipokei.

Jina la Kilatini liweke chini, ndani ya kisanduku chembamba kama jina la kanga linavyokaa juu ya pindo la chini. Wateja wengi leo hawasomi herufi za Kiarabu, na hawafai kufungiwa mlango.

Rasimu ikishakuwa tayari, mpe ustadhi au mama mtu mzima aliyesoma chuo cha Qur'ani, asiyejua duka linaitwaje, umwombe alisome kwa sauti. Akisita mahali, rekebisha alama ya mahali hapo, sio mapambo. Ukifika hatua hiyo iweke hapa, nami nitaitazama.